Mama Mkeka na Majibu ya Lobule

Jina la Mama Mkeka alilipata katika shule ya Ajia, miaka kadhaa kabla hajawa mkaguzi wa shule wa wilaya ya Koboko, Uganda, na aliyempa hakukusudia kumsifu. Wakati huo Bi Zuhurah alikuwa mwalimu mwandamizi, na kazi yake mojawapo ilikuwa kuwatazama walimu wapya wakifundisha. Mgeni wa namna hiyo, katika shule zetu, huwekewa kiti mbele ya darasa, karibu na ubao. Kiti hicho hupanguzwa vumbi, na shule yenye kujali zaidi hukitandika kitambaa cha kufumwa. Zuhurah alifika na mkeka umekunjwa kwapani. Ulikuwa birish, kama Wanubi wa Koboko wanavyouita, na aliyeusuka kwa majani ya mkindu ni mama yake, Bi Aminah.

"Mama, kiti iko hapa," mwalimu mkuu alimwambia. "Tumepanguza kabisa."

"Asante, mwalimu. Mimi nitakaa kule nyuma."

"Nyuma hakuna kiti."

"Ndiyo sababu nimebeba mkeka."

Akapita katikati ya watoto waliokaa sakafuni, akautandaza mkeka wake, akavua viatu, akakaa. Mwalimu mmoja kijana, Fabiano, aliyekuwa na ulimi mwepesi kuliko wenzake wote, alichungulia dirishani kisha akawageukia waliokuwa uani. "Huyu mama amekuja kukagua ama kulala? Mleteeni na mto, basi!" Wakacheka, na kuanzia siku hiyo akawa Mama Mkeka. Jina lilimtangulia kila shule aliyokwenda, likavuka barabara ya lami hadi Koboko alipohamishiwa. Naye hakulikataa. Alipoulizwa kwa nini hakai kitini kama wakubwa wengine, alijibu kwamba anayekaa mbele humwona mwalimu, na anayekaa chini huuona mkono wa mtoto.

Nilifundisha naye Ajia kwa muda mrefu, na ninaweza kusema kwamba sentensi hiyo ndiyo iliyoongoza kazi yake yote. Kilichomsumbua hakikuwa mitihani yenyewe. Kilichomsumbua ni kuchelewa kwa majibu yake. Karatasi za mwisho wa muhula zilifika zikiwa zimechapishwa mbali, watoto wakazijaza, walimu wakazisahihisha huku kila mmoja akiwazia safari ya likizo. Mwalimu alipogundua kwamba nusu ya darasa haielewi namna ya kukopa katika kutoa, darasa lilikuwa limekwisha pita hapo na watoto walikuwa shambani na wazazi wao wakipalilia mihogo. Zuhurah alisema kwamba hiyo si kupima. Hiyo ni kuandika historia.

Alipopewa ukaguzi wa Koboko alianza na kitu kidogo ambacho hakikuhitaji ruhusa ya mtu yeyote. Aliwaomba walimu wapige picha, kwa simu walizokuwa nazo mfukoni, ukurasa mmoja wa kazi ya watoto wachache: mmoja anayejiweza, mmoja wa katikati, mmoja anayehangaika. Picha zilitumwa kila Ijumaa kwenye kundi la walimu la WhatsApp. Mwalimu wa shule nyingine aliitazama kazi ile na kusema mtoto amekosea wapi na yeye angefanya nini. Jina la mtoto alijulishwa Zuhurah peke yake, halikutajwa kundini, na la mwalimu halikudhihakiwa. Sharti hilo la mwisho lilichukua muda kuzoeleka, kwa sababu walimu wetu hupenda utani.

"Hii namba nane iko kama kuku amelala," mmoja aliandika siku ya kwanza.

"Kuku yako ama yangu?" Zuhurah alimjibu. "Tuambie mtoto amekosea nini. Kuku tutamla Idi."

Hivyo ndivyo alivyoyafahamu madarasa ambayo hakuweza kuyafikia kila wiki. Lobule ni mbali kwa mtu wa ofisini, na mvua ikinyesha bodaboda hukataa baadhi ya njia. Hata hivyo alizijua kazi za darasa la nne la Mwalimu Kiden wa Lobule kana kwamba zimewekwa mezani kwake. Kiden alituma picha kila Ijumaa bila kukumbushwa. Watoto wake walijumlisha na kutoa kwa utaratibu, wakipanga mamoja chini ya mamoja na makumi chini ya makumi. Kugawanya ndiko kulikowashinda, na Kiden mwenyewe alilisema hilo kundini bila kuzungukazunguka.

Kisha zikaja tableti, zile kompyuta ndogo za kioo ambazo mtu huziendesha kwa kugusa. Wafadhili walizitoa, na kijana wa Arua aliyeitwa Siraji, mwenye ofisi ya kukodi chini kidogo ya Arua Hill, ndiye aliyetengeneza programu ya kupimia hesabu. Zuhurah alizitetea kwa nguvu mbele ya wakubwa wake. Matokeo yangeonekana siku ileile, kila swali na jibu lake, na mwalimu angeweza kurudia somo kabla halijapoa. Fabiano, yule yule wa Ajia, sasa alikuwa afisa elimu wa wilaya. Utani ulikuwa umempungua kidogo, na nywele pia. Alikubali. Programu ilijaribiwa katika shule za mjini Koboko, zenye madawati, ikafanya kazi vizuri, kisha ikapelekwa wilaya nzima.

Shule ya Lobule ikatoka ya mwisho kabisa, na darasa la nne la Kiden likawa chini ya madarasa yake yote.

Fabiano alimwita Zuhurah ofisini na kumgeuzia kioo cha kompyuta. Mistari ya rangi ilisimama pale, mirefu kwa mifupi, na wa Lobule ulikuwa mfupi kiasi cha kuonekana kama umesahauliwa.

"Mama Mkeka, unaona mwenyewe. Kamati ya elimu inakaa Ijumaa. Wataniuliza huyu mwalimu anafanya nini darasani. Nitasema nini?"

"Unataka kusema nini?"

"Kwamba tunamtoa kwenye darasa la nne, tunampeleka shule nyingine akafundishe watoto wadogo chini ya uangalizi. Nahitaji maoni yako ya ukaguzi yaunge mkono. Hizo tableti ulizitaka wewe. Tukizipuuza mara ya kwanza tu zinapotuambia jambo baya, nani atatuamini kesho?"

Swali hilo lilikuwa la haki, na Zuhurah hakulichukulia kama ubishi. Kiden alikuwa mjane anayeishi kwa mama mkwe wake palepale Lobule, na mtoto wake mwenyewe alisoma katika shule hiyo. Kuhamishwa kungemvunjia nyumba. Lakini zaidi ya hapo, kungemwondolea jina la mwalimu mbele ya wazazi waliomkabidhi watoto wao. Upande wa pili, watoto wasiofundishwa nao wana haki ya kupata mwalimu mwingine. Mkaguzi anayemlinda mwalimu kwa huruma peke yake huwaibia watoto. Zuhurah aliomba apewe hadi Ijumaa.

Jambo la kwanza alilofanya ni kuzifungua picha za kundi na kuziweka kando ya matokeo. Mtoto yuleyule aliyetoa hesabu za mamia bila kosa kwenye daftari alikuwa ameshindwa kwenye kioo hesabu ya makumi. Si mmoja. Na waliokosa zaidi walikuwa wasichana. Akampigia Siraji.

"Mama Mkeka! Leo umetandika wapi?"

"Nimetandika juu ya kichwa chako, mwanangu. Hebu niambie. Hawa watoto wa Lobule walipokosa, walichagua jibu gani?"

Siraji alitafuta kwenye kompyuta yake. Kila swali lilikuwa na majibu manne, kila jibu katika pembe yake ya kioo. "Hii ni ajabu kidogo," alisema. "Karibu wote wamechagua la chini, upande wa kulia. Swali baada ya swali. Wanabahatisha tu, Mama."

"Anayebahatisha hurukaruka. Hawezi kubahatisha pembe moja tu."

"Basi mwalimu amewaambia waguse hapo."

"Kwa faida gani, ikiwa hapo ni makosa?"

"Hapo umenishinda. Lakini programu yangu iko sawa, Mama. Nimeijaribu mimi mwenyewe, kwa mkono wangu."

"Mkono wako naujua," Zuhurah alisema. "Ngoja niende nikauone wao."

Asubuhi iliyofuata alipanda bodaboda hadi Lobule, mkeka umefungwa nyuma kwa mpira. Kiden alimpokea mlangoni mwa darasa. Habari ilikuwa imeshamfikia, kama habari mbaya zinavyojua njia za mkato.

"Mama, karibu. Umekuja na mkeka wa kunizika?"

"Nimekuja na wa kukalia. Watoto iko?"

"Watoto iko. Mwalimu ndiyo sijui kama iko bado." Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Mimi nafundisha hawa watoto, Mama. Mungu anaona. Kama sijui kufundisha, waniambie kwa mdomo, si kwa hii kioo."

"Tusikigombeze kioo kabla hatujakitazama. Fanya nao jaribio tena, vilevile kama siku ile. Usibadilishe kitu hata kimoja, na usinionee haya."

Darasa halikuwa na madawati ila ya kutosha safu moja. Watoto wengine walikaa chini, na Zuhurah akakaa miongoni mwao, akauacha mlango wazi uingize mwanga. Tableti ilikuwa moja. Kiden alikaa kwenye kigoda, akaita mtoto wa kwanza, msichana aliyeitwa Margarita. Maswali yalikuwa kwa Kiingereza, kwa hiyo Kiden aliyasoma kutoka kwenye kioo, akaeleza kwa Kikakwa, kisha akampa mtoto tableti achague. Mtoto akishagusa jibu, alirudisha tableti kwa mwalimu, naye akabonyeza mshale uliokuwa juu ili swali lifuatalo lije. Maagizo ya wilaya yalikataza mwalimu kutazama jibu la mtoto, asije akashawishika kusaidia. Kiden alikuwa mtu wa kufuata maagizo. Alipopokea tableti aligeuza uso pembeni, akabonyeza, ndipo akatazama tena.

Swali lilihusu mbuzi waliobaki zizini baada ya baadhi kuuzwa. Margarita alihesabu kwa midomo, akagusa jibu la juu kushoto. Lilikuwa jibu sahihi, na duara la kijani likalizunguka. Kisha akapiga magoti, akaishika tableti kwa mikono miwili na kumkabidhi mwalimu wake, kichwa ameinamisha kidogo, kama anavyomkabidhi nyanya yake kikombe cha maji. Ili isimponyoke aliikaza, na kidole gumba chake cha kulia kikatua juu ya kioo, chini, pembeni. Duara la kijani likaondoka kwenye jibu sahihi likahamia chini ya kidole. Kiden, uso ameugeuza, akabonyeza mshale.

Zuhurah alikitazama kile kidole. Alingoja swali la pili, na la tatu. Akaja mtoto mwingine, na mwingine. Wavulana walipiga magoti pia, lakini baadhi yao walirudisha kwa haraka, mkono mmoja ukishika kwa juu na wa pili ukiunga kwa chini, na majibu yao yakapona. Wasichana, ambao nyumbani husahihishwa zaidi, waliishika kwa ukamilifu. Waliolelewa vizuri kuliko wenzao ndio waliopoteza kila kitu.

"Mwalimu Kiden," Zuhurah aliita hatimaye. "Njoo ukae hapa kwangu. Mpe Margarita ile kitu tena. Usimwangalie usoni. Angalia kidole."

Kiden akaja, akakaa kwenye mkeka. Margarita akagusa jibu, akapiga magoti, akamkabidhi. Kiden akaona. Alishika mdomo wake kwa kiganja, na kwa muda ikawa vigumu kujua kama analia au anacheka.

"Ni heshima," alisema. "Mama, ni heshima ndiyo imeanguka mtihani!"

"Na wewe na uaminifu wako. Ungeiba kidogo tu kwa jicho, ungeona zamani."

Kiden akajipangusa uso, akasimama kwa haraka. "Basi ni rahisi. Nawaambia leo hii wanipe kwa mkono moja. Tunarudia, inakwisha."

"Hapana."

"Kwa nini hapana? Ijumaa iko karibu, Mama!"

"Mama zao wamewafundisha hivyo kabla hawajajua kusema moja, mbili. Hatuwezi kuwaambia waikunje adabu mlangoni kwa sababu ya mashine. Mashine ndiyo ngeni hapa, na mgeni ndiye hujifunza nyumba." Akasogea, akauacha ukingo wa mkeka wazi. "Weka hiyo kitu hapa katikati. Isome ikiwa chini, mtoto aiguse ikiwa chini, ubonyeze ikiwa chini. Mtu asimpe mtu."

Wakafanya hivyo, mwalimu na mtoto wamekaa pamoja kwenye birish ya Bi Aminah, tableti imelala baina yao. Magoti hayakuhitajika, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kukabidhi. Walipomaliza, mwalimu mkuu aliyekuwa amesimama mlangoni akasema kwamba kumbe serikali ingenunua mikeka kwanza.

Kazi haikuishia hapo, maana mbele ya kamati maelezo ya mdomo yangeonekana kama udhuru. Ijumaa, kwenye ukumbi wa wilaya mjini Koboko, Fabiano alionyesha mistari yake ya rangi na kuketi. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Sulemani, askari mstaafu, mtu wa maneno machache ambaye hukaa amenyooka hata akisinzia. Zuhurah hakuanza kwa kumtetea Kiden. Aliomba achague swali lolote kwenye tableti na ajibu mbele yao. Alijibu sahihi, akawaonyesha wote duara la kijani. Kisha akamwendea mwenyekiti, akapiga magoti sakafuni kama binti yake, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Mzee, pokea. Niambie nimejibu nini."

Mzee Sulemani alivaa miwani, akatazama kwa muda. "Umekosa," alisema. "Hii jibu si ile ya kwanza. Nani amebadilisha?"

"Mikono yangu, Mzee."

Akampa tableti karani aketiye kando yake; karani akaligusa tena lile jibu la kwanza na, kwa kuwa alikuwa akimrudishia mzee, akairudisha kwa mikono miwili. Duara likahama tena. Mzee akaigeuza, akaitazama mgongoni kama anayetafuta alama ya kiwanda. "Hii mashine haina baba na mama?" aliuliza. "Mtoto anaiheshimu, yenyewe inamwangusha!" Ukumbi ukacheka, na Fabiano akacheka mwisho, akitikisa kichwa.

Lakini hakuwa mtu wa kukubali kwa kicheko tu. "Hilo la kidole nimeliona," alisema. "Lakini linaweza pia kuficha ualimu dhaifu. Tutajuaje?"

"Kwa kupima tena," Zuhurah alijibu. "Lobule na kila shule iliyoangukia pembe ile moja. Tableti ilale chini. Siraji afunge jibu likishachaguliwa, lisihame mpaka mtoto mwenyewe akubali kubadilisha. Picha za madaftari ziwekwe kando ya matokeo, na panapopingana, mtu aende akakae na watoto kabla hajahukumu. Nawaomba Mwalimu Kiden abaki darasani mwake mpaka hapo. Nikikosea, maoni mnayoyataka nitayaandika mimi mwenyewe, na nitampelekea yeye kwa mkono wangu."

Kamati ikakubali. Siraji, alipoelezwa kwenye simu, alisema kwamba kumbe alipoijaribu kwa mkono wake alikuwa peke yake na hakuwa na mtu wa kumkabidhi. Aliirekebisha programu kabla ya wiki kwisha, akaja Lobule mwenyewe kuitazama, akakaa chini.

Matokeo ya pili hayakuifanya Lobule kuwa ya kwanza. Ilisimama katikati. Kujumlisha na kutoa kulikuwa kuzuri, kugawanya kulikuwa kubaya, kama Kiden alivyokuwa akisema kila Ijumaa. Kiden hakuhamishwa. Fabiano alimpigia simu kumjulisha, na katika maelekezo mapya ya wilaya akaweka sharti kwamba hakuna chombo cha kupimia kitakachosambazwa kabla hakijajaribiwa katika darasa lisilo na madawati. Alipomwonyesha Zuhurah sharti hilo, alimuuliza kama analiona limetosha.

"Limetosha," Zuhurah alisema. "Lakini wewe mwenyewe hujakaa chini tangu Ajia."

"Nilete na mto?" Fabiano aliuliza.

Nilimtembelea Zuhurah Jumamosi iliyofuata nyumbani kwake Koboko. Alikuwa kibarazani na birish imetandazwa mapajani. Upande mmoja ulikuwa umefumuka, pale watoto wa Lobule walipokuwa wakipanda na kushuka, na alikuwa akiurudishia kwa sindano nene na ukindu uliolowekwa. Simu ilikuwa kando yake. Iliita kidogo, akaitazama: Kiden alikuwa ametuma picha. Margarita alikuwa amegawanya mihogo kwa vikapu, akasahau kilichobaki.

"Anakaribia," Zuhurah alisema, akanionyesha mahali pa kosa kwa ncha ya sindano. Akamjibu Kiden kwa maneno machache: awape mawe ya kuhesabia, waone kwa macho kile kinachobaki nje ya kikapu. Kisha akaiweka simu chini, akavuta ukindu wa mwisho, akaufunga fundo, akaukata kwa meno, na kuupitishia ukingo kiganja chake kuona kama kuna mahali panapochoma.